Nani Amepika, Nani Amechimba: Mhadhara juu ya Sinema za Zamani na za Mwisho wa Dunia



Nimealikwa kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo katika mji wenye mashaka makubwa, nalo ni kero ya mtazamaji: ile kero impatayo mtu mwenye akili timamu aliyeketi baada ya bukari yake ya jioni kutazama mchezo wa sinema uliosifiwa na magazeti ya Ulaya na Marekani, akajikuta, kabla ya nusu saa kupita, hasadiki tena neno lolote aambiwalo, ijapokuwa picha ni nzuri, waigizaji ni hodari, na fedha zilizotumika zingetosha kuwalipa walimu wa mji huu mishahara ya miaka mingi. Kero hii huzidi katika aina mbili za michezo, yaani ile idaiyo kusimulia mambo ya kale, na ile ibashiriyo zama za dhiki zijazo, ambapo dunia imekwisha haribika na wanadamu wamekuwa ama watumwa wa dola moja katili, ama wawindaji wa wenzao. Watu hudhani aina hizi mbili hazina udugu, kwa kuwa moja hutazama nyuma na nyingine hutazama mbele. Mimi naona ugonjwa wao ni mmoja, na mji wetu wa Likasi, hapa Katanga, uliopata kuitwa Jadotville, una haki kuliko miji mingi ya kuupima.

Silalamiki juu ya ubunifu. Wazee wa pwani waliosimuliana visa vya Alfu Lela u Lela hawakumwuliza msimulizi ndege Rukhu apataje nguvu ya kumnyanyua ndovu. Walimpa ajabu yake moja, wakamfuata. Lakini lau angalisema kuwa Sindbad alikaa mwezi mzima jangwani pasi na tone la maji, kisha akaondoka akiimba, wangalimkatiza papo hapo, maana kiu waliijua. Msikilizaji humsamehe mtungaji muujiza, wala hamsamehe kosa katika mambo ayajuayo kwa mwili wake mwenyewe: njaa, uchovu, uzito wa mzigo, urefu wa njia. Basi kipimo changu ni hiki, wala sina kingine: nitazamapo mchezo wowote, uwe wa kale au wa zama zijazo, nauliza nani amepika, nani amechota maji, nani amebeba, nani amechimba. Mchezo ushindwao kujibu, mimi huutazama hadi mwisho kwa sababu tu ya kumstahi mwenye nyumba.

Na tuanze na ule uliochukua jina la mji wetu. Mwaka 2016 Richie Smyth alitoa filamu iitwayo The Siege of Jadotville, ambamo Jamie Dornan anaigiza kamanda Pat Quinlan. Tukio lenyewe ni la kweli, na ni la ajabu hata pasipo kutiwa chumvi: kundi moja la askari wa Ayalandi, watu mia na hamsini na kitu, waliokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, lilizingirwa hapa kuanzia tarehe 13 hadi 17 Septemba 1961 na jeshi la Katanga lililokuwa chini ya Tshombe pamoja na mamluki wa Kizungu, wakapigana hadi risasi na maji vilipowaishia, wakajisalimisha, wala hakufa hata mmoja wao, kisha wakarudi kwao kuishi miaka mingi chini ya kivuli cha aibu wasiyostahili, hadi serikali yao ilipokuja kuwaheshimu katika karne hii, wengi wakiwa wamekwisha zikwa. Mtungaji aliyepewa kisa kama hicho amepewa zawadi.

Sikukasirika kwamba picha zilipigwa Afrika ya Kusini, kwa maana nyasi ni nyasi. Kilichonikera ni kupotea kwa mji. Jadotville ya mwaka 1961 ilikuwa mji kamili, wenye stesheni ya reli, viwanda vya Panda na Shituru, kambi za wafanyakazi, makanisa, shule, masoko, na nyaya za umeme zitokazo Mwadingusha; na Waayalandi walikaa katika majumba ya ukingoni, kando ya barabara iendayo Elisabethville, Lubumbashi ya leo, karibu na gereji ya mafuta, mahali ambapo watu walipita kila siku kwa miguu na kwa baiskeli. Katika mchezo, mahali hapo pamegeuzwa boma lililotupwa nyikani, pasi na jirani, na Wakatanga tuonyeshwao, ukimtoa Tshombe mwenyewe, aghalabu ni askari wanaozikimbilia bombomu kwa makundi, wakaanguka, wakaja wengine, kana kwamba mama zao waliwazaa kwa kazi hiyo tu. Watu wa mtaa wa Kikula walijificha wapi ndege ya kivita ya Fouga ilipokuwa ikizunguka juu ya mapaa yao? Zamu ya Shituru iliingia kazini asubuhi ya tarehe 14, au haikuingia? Nani aliwapikia hao waliozingira, maana hata anayezingira hula? Maswali hayo hayakumpitikia mtungaji, na kwa kutompitikia, vita vyake vimekuwa vyepesi mfano wa vita vya watoto uwanjani, ambavyo hukoma mama anapoita chakula.

Na cha kusikitisha zaidi ni kuwa historia yenyewe ilikuwa imekwisha mwandalia kila alichohitaji. Maji ya wale askari yalikatwa; msafara uliotumwa kuwaokoa ukazuiwa kwenye daraja la Lufira, ambalo kila dereva wa humu ukumbini analijua; na helikopta moja iliyofaulu kupenya iliwaletea maji katika madebe yaliyokuwa na mabaki ya mafuta, yakawa hayanyweki. Mtu aliyewahi kunywa maji ya debe la mafuta, nami nawaona wachache wakitabasamu, anajua kwamba jambo hilo moja lina uzito kuliko mashambulizi kumi ya kubuni. Ushindi na ushinde wa Jadotville ulikuwa ndani ya debe.

Kutoka hapa hadi mgodi wa urani wa Shinkolobwe ni mwendo wa kilomita 20 hivi, na huko nako sinema ya Marekani imepita karibu bila kutusalimu. Mchezo wa Oppenheimer, alioutoa Christopher Nolan mwaka 2023, una saa tatu, nami nakiri kuwa mengi ndani yake ni kazi ya ustadi. Lakini hapo wataalamu wanapotaka kuonyesha kiasi cha madini kilichokwisha patikana kwa ajili ya bomu, mtu hudondosha gololi katika chombo cha kioo. Gololi chache leo, nyingine baadaye, na chombo kinajaa. Shinkolobwe haitamkwi. Ilhali Albert Einstein, katika barua aliyomwandikia Rais Roosevelt mwezi wa Agosti 1939, aliitaja Kongo ya Wabelgiji kuwa ndiko kuliko na chimbuko kubwa kuliko yote. Na mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya migodi ya Union Minière, alihamisha tani kama 1,200 za mawe hayo hadi Staten Island, New York, ambako yalikaa ghalani mpaka kanali Kenneth Nichols alipokuja kuyanunua mwezi wa Septemba 1942. Nifanyieni hesabu, nyinyi walimu: ikiwa mzigo mmoja ni kilo 50, tani 1,200 ni mizigo 24,000, na mzigo haujipakii. Kabla ya kupakiwa, mwamba ulipasuliwa, mawe yakachambuliwa kwa mikono ya watu ambao hakuna aliyewaambia wanachokishika, kisha yakasafirishwa kwa reli kuvuka Angola hadi bandari ya Lobito, yakavuka bahari wakati nyambizi za Kijerumani zikiwinda meli. Safari yote hiyo imemezwa na gololi.

Mtu atanijibu, na kwa insafu lazima nimsikilize, kwamba mchezo ule unamhusu bwana mmoja na dhamiri yake, haukuahidi kusimulia habari za reli wala za migodi. Nakubali. Lakini waliojenga upya mji wa Los Alamos kwa mbao huko New Mexico, wakaangalia kila kofia na kila kiberiti, wangeweza kutenga dakika moja kwa ajili ya shimo lililotoa mawe, tena si kwa kutuhurumia, bali kwa faida ya huyo bwana wao; kwa kuwa dhamiri isiyojua mawe yametoka kwa nani ni dhamiri iliyopunguziwa mzigo kabla haijapimwa.

Juu ya The Legend of Tarzan, ya mwaka 2016 vilevile, sitakawia. Humo Léon Rom, ofisa wa Mfalme Leopold aliyekuwako kweli, anauawa na mamba, ilhali Rom wa kweli aliishi salama hadi mwaka 1924. Na George Washington Williams, Mmarekani mweusi aliyeandika mwaka 1890 barua ya wazi ya kumshitaki Leopold kutoka Stanley Falls, Kisangani ya leo, anageuzwa mpiga bastola wa kuchekesha. Jeshi la uovu linasambaratishwa kwa alasiri moja na nyumbu waliokasirika. Dola ya Leopold ilidumu hadi 1908. Tupite.

Sasa natia mguu katika aina ya pili, zile zama za dhiki zijazo, na hapa nawaomba wastaafu wa viwanda wanisikilize kwa makini, maana ndio mashahidi wangu. Katika The Hunger Games, filamu ya mwaka 2012 iliyotokana na riwaya ya Suzanne Collins, iko dola iitwayo Panem, yenye mji mkuu wa anasa na wilaya kumi na mbili za mashaka, na wilaya ya kumi na mbili kazi yake ni kuchimba makaa ya mawe. Wachimbaji hao wanakufa njaa. Watoto wao wanakonda, hakuna daktari, na dola haijali, kwa sababu ni dola mbaya. Nilipoona hayo nilitaka kumwuliza mtungaji: nani basi anachimba? Mchimbaji mwenye njaa hainui sururu, na anayekufa lazima atafutwe wa badala yake, asafirishwe, afundishwe, naye akifa itafutwe nafsi ya tatu. Na kila nafsi ina gharama.

Union Minière ililijua hilo mapema kuliko watunzi wa sinema. Katika miaka yake ya mwanzo, watu waliokusanywa kutoka Lomami, Rhodesia ya Kaskazini na kwingineko walikufa kambini kwa wingi, wakatoroka kwa wingi, na ilipofika mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mwendo: mikataba ikarefushwa, mume akahimizwa kuja na mkewe, poso ikapimwa kwa mizani, hospitali zikajengwa, watoto wachanga wakapimwa uzito, na mapadre wakapewa shule. Haikufanya hivyo kwa huruma, ilifanya kwa hesabu. Na mkuu wa kambi aliyegawa unga ndiye huyohuyo aliyejua nani amelala nje, nani amepika pombe, na mke wa nani amesafiri bila ruhusa. Dhuluma tuliyoijua sisi ilikuwa na mashavu. Ilimchanja mtoto ili aje achimbe. Mtungaji angeiona hiyo, angepata mchezo wa kutisha mara kumi kuliko wilaya ya watu waliokonda, kwa kuwa mtu anaweza kuichukia dola inayomnyima chakula bila kujiuliza mara mbili, lakini ile inayomlisha humwingia mpaka ndani ya ulimi.

Na uasi nao vivyo hivyo. Katika Panem, binti mmoja mwenye upinde anainua vidole, na wilaya zinawaka moto. Mgomo mkubwa wa Disemba 1941, ulioishika mitambo ya Jadotville na ya Elisabethville, ulitoka mahali pakavu zaidi: vita vya Ulaya vilipandisha bei ya bidhaa, mshahara ukabaki ulipokuwa, na watu waliojua bei ya kitambaa sokoni na bei ya shaba duniani walilinganisha wakaona wanapunjwa. Tarehe 9 Disemba askari waliwafyatulia risasi wagomaji waliokusanyika katika uwanja wa mpira huko Elisabethville, na Léonard Mpoyi, msemaji wao, ni miongoni mwa waliouawa. Bado sijaona sinema yake.

Hata hofu za wazee wetu zilikuwa na hesabu ndani yake. Mmesikia habari za batumbula, ambao watu wa Katanga walisimuliana katika zama za Wabelgiji: wakamataji wa usiku, waliosemekana kuwanasa watembeao peke yao, wakawafungia na kuwalisha, kisha wakawapeleka kwa Wazungu waliotaka nyama yao. Ni uwongo. Lakini ni uwongo uliotungwa na watu walioijua kambi, waliofahamu kwamba chakula cha kugawiwa kina mwenyewe, na kwamba anayekupimia unga kwa mizani ana hesabu nawe. Lau mtungaji wa Hollywood angaliketi kwa usiku mmoja tu na bibi mmoja wa Panda, asingalihitaji vidole vitatu wala upinde.

Ipo bado ile michezo ya baada ya kiama, kama The Walking Dead iliyoanza mwaka 2010, ambapo serikali imekufa, viwanda vimekufa, na walio hai wanazurura na silaha. Miaka inapita, magari yanaendelea kupata petroli, nywele zinaendelea kung'aa, na kwa muda mrefu mno hakuna anayeshika jembe. Hapa Likasi tuna ujuzi wa jambo hili ambao sikuuomba wala nyinyi hamkuuomba. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, huko Kolwezi, ukaporomoka. Mwaka uliofuata askari walipora miji. Na ilipofika 1993 zilitoka tani zisizofika 50,000. Katika miaka hiyohiyo ya 1992 na 1993 maelfu ya jirani zetu wenye asili ya Kasai, waliozaliwa hapa, waliokuwa walimu wetu na mafundi wetu, walifukuzwa majumbani mwao wakakaa stesheni ya mji huu miezi mingi wakingoja treni. Hilo ni jambo ambalo bado tunalisema kwa sauti ya chini, nami nimelitaja kwa makusudi mbele ya vijana.

Sasa nawauliza: baada ya kampuni kulala, nani alivaa ngozi akapanda pikipiki akawa mfalme wa jangwa? Tuliona mahindi yakipandwa mbele ya nyumba za kampuni, palipokuwa na maua. Tuliona baiskeli zikisukumwa kutoka porini zikiwa na magunia ya makaa marefu kuliko msukumaji. Tuliona mama aliyekuwa akingoja mshahara wa mumewe akiwa ndiye mwenye mshahara, kwa biashara ya samaki na unga, na mume akijifunza polepole kunyamaza. Tuliona wachimbaji wa mikono wakirudi katika mashimo yaliyofungwa, hata Shinkolobwe, ambako mwaka 2004 ardhi iliporomoka ikaua watu kadhaa ingawa serikali ilikuwa imekwisha kataza. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipewa fungu la mwisho na kuambiwa kazi imekwisha. Na stesheni ile ile, katika dhiki isiyoelezeka, watu walipika, walizaa, walizika, waliuziana chumvi kwa kijiko. Dola inapokufa kazi haifi, huongezeka. Na saa moja ya kweli juu ya foleni ya maji ingetia hofu kuliko maiti elfu wanaotembea.

Najua neno linalosubiri midomoni mwenu: mchezo ni mchezo, tuache tustarehe. Nami sipingi starehe, napinga uvivu. Hofu ya mtazamaji hutoka katika uhaba, na uhaba hauna nguvu pasipo mtu kujua kiasi gani kimebaki. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, lililotuchekesha kwa Kiswahili chetu redioni na kwenye televisheni, lilikuwa na fedha kidogo mno, lakini mashaka ya watu wake yalikuwa ya unga, deni, shemeji na bosi, ndiyo sababu hatukuondoka mbele ya kioo. Na wageni pia wanaweza. Katika Neptune Frost, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, ya mwaka 2021, iko dunia ya ndoto na mitambo ambayo sikuielewa yote, lakini inaanza shimoni, kwa wachimbaji wa koltani na mmoja wao anayeuawa na msimamizi. Basi baada ya hapo nilikuwa tayari kuamini chochote.

Mfano wangu wa mwisho ni Lumumba, filamu ya Raoul Peck ya mwaka 2000. Nayo haikupigwa Kongo, ilipigwa Zimbabwe na Beira, na bado naisadiki. Lumumba na wenzake Mpolo na Okito waliuawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961 huko Shilatembo, karibu na njia itokayo Lubumbashi kuja huku, na Wabelgiji wawili wakatumwa baadaye kuifuta miili. Mtunzi mwingine angalituonyesha moshi na muziki wa huzuni. Peck ametuonyesha kazi: misumeno, pipa, tindikali, watu wawili wanaotokwa jasho, wanaokunywa ili waendelee, wanaokerwa kwamba jambo lenyewe ni gumu na linachukua muda mrefu kuliko walivyoambiwa. Uovu huo una uzito, una harufu, unachosha mikono, na kwa hiyo hakuna mtazamaji anayeweza kujisemea kuwa ni hadithi tu.

Humu ukumbini wako waliotumia maisha yao kando ya matangi ya tindikali ya Shituru, wanaojua inavyotafuna na inachukua muda gani kutafuna, na walioitazama filamu hiyo kwa jicho ambalo mimi, mwalimu wa maneno, sina. Nawaomba wao waanze kusema, na maswali mengine yafuate.